Uji Mzito wa Wifi

3 Februari

Wifi yangu,

Mimi mzima, na kuhusu wewe sina hofu hata kidogo, maana jana nimekuona ukutani kwenye ukumbi wa taasisi, umekuzwa mpaka meno yanahesabika, unacheka mbele ya kompyuta zako. Mkurugenzi alikuwa anawaonyesha watu ile orodha yako ya protini za kushambuliwa kwa dawa. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, wifi, nikapiga mpaka viganja vikawaka, kwa sababu aliyeketi kando yangu alikuwa ananitazama usoni.

Tulikubaliana simu tumwachie kaka yangu na mtoto, sisi wawili tuandikiane, barua zisafiri ndani ya masanduku ya sampuli, maana tukisikiana sauti hatumalizi salamu bila kurushiana maneno. Basi leo naandika, na kalamu yangu haina adabu.

Protini yangu, Bawabu, umeiweka namba mia mbili na kitu. Nilipofika hapo macho yalikataa kuendelea. Miaka yote niliyoinama kwenye hadubini, nikionyesha kwamba kimelea cha malaria hakiwezi kutoka ndani ya chembe ya damu bila Bawabu kukifungulia mlango, imekuwa sawa na bure. Na wewe unaijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ulikuwa mwanafunzi wangu kabla hujawa wifi yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika pipeti bila mkono kutetemeka. Mimi ndiye niliyekutambulisha kwa kaka yangu siku alipokuja kutengeneza friji la maabara. Umenichukulia kaka, sawa, kaka huchukuliwa. Sasa na kazi?

Namba moja yako ni hiyo protini ya Mkasi, na aliyeagizwa kuijaribu ni mimi. Nizime jeni yake kwenye vimelea vyangu, tuone kama vitakufa. Vikifa, dawa itatafutwa kwa njia ya Mkasi, Bawabu atafungiwa kabatini, na wewe utarudi kuongoza kitengo chote, na chumba changu cha kukuzia vimelea kitakuwa chini yako. Visipokufa, Bawabu anaendelea, na wewe unabaki huko ng'ambo miaka miwili mingine utengeneze orodha mpya. Nitaifanya kazi kwa haki. Lakini usitegemee niseme nina furaha. Nina wivu, wifi, umenikaba hapa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwanao Tonge hajambo. Mashavu yameongezeka. Siku hizi analala chumbani kwangu, maana baba yake anakoroma kuliko hizo kompresa za friji anazozitengeneza.

Wifi yako wa nyumbani


17 Februari

Wifi yangu mwenye kalamu kali,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido, koti sijavua. Halafu nikaenda chooni nikaisoma tena.

Ngoja nikueleze, usije ukasema nimekufanyia makusudi. Nimeipa kompyuta ramani yote ya kemia ya kimelea: kila kinachokula, kila kinachotengeneza, kinapita wapi kwenda wapi, kama barabara za mji. Kisha naiambia, funga barabara hii, kimelea kitakula nini? Kikipata pa kuzungukia, jina linashuka. Kikikosa, linapanda. Baadaye naondoa majina yote yanayofanana na protini za binadamu, maana dawa ikiua kimelea pamoja na mgonjwa tutakuwa tumefanya nini? Mkasi ndio unaokatakata damu vipande vidogo ili kimelea kiweze kula. Ukiuondoa, kimelea kimekaa mbele ya nyama nzima na hakina meno. Mashine imesema hivyo. Haijui nani ni wifi ya nani.

Na hilo la wivu, tafadhali. Wewe una wivu? Mimi nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mashine zinavuma, na kinachopumua humo ni mimi peke yangu. Wewe asubuhi unafungua kabati la joto unakuta vimelea vyako vinakungoja, jioni unafungua mlango wa nyumba mwanangu anakurukia shingoni. Mtu wa kuona wivu hapa ni mmoja, naye si wewe.

Nina ombi la kazi. Kabla hujaanza, niambie vimelea vyako vinakula nini hasa. Ule uji wako wa kuvikuzia unauchanganyaje? Mimi kwenye hesabu nimeweka damu ya mtoto mgonjwa ambaye hajala vizuri kwa siku kadhaa. Nataka nilinganishe.

Na Tonge ana kitanda chake. Nilimnunulia mwenyewe, chenye vinyota.

Wifi yako wa mashine


9 Machi

Wifi,

Uji wangu siutoi.

Watu wamekuja kutoka taasisi kubwa kubwa, wamevaa tai, wameninunulia na chakula cha mchana, wakauliza hilo hilo. Nikala chakula chao, uji sikuwapa. Kwao vimelea vinakonda vinakufa, kwangu vinanawiri mpaka wageni wanaomba kupiga picha. Hicho ndicho kitu pekee katika taasisi hii ambacho ni changu na hakiko kwenye kompyuta ya mtu. Kipo kichwani. Nakumbuka ulipokuwa mwanafunzi ulivyokuwa ukijifanya unatafuta glavu, kumbe unachungulia naongeza nini kwenye chupa. Ulidhani sikuoni?

Mashine yako ina akili, si ndiyo? Basi ibashiri na uji.

Vimelea vinakula vinachokula siku zote, na kazi inaendelea. Tonge amekataa kile kitanda. Anasema vinyota vinamtazama.

Wifi yako wa nyumbani


25 Aprili

Wifi yangu,

Vinaishi.

Nimezima jeni ya Mkasi, nimehakikisha imezimwa, nimerudia kazi yote tangu mwanzo ili asije mtu akasema mkono wa wifi una sumu. Vimelea visivyo na Mkasi vinakula, vinazaliana, vimejaa kwenye visahani. Nilivitazama kwenye hadubini vikiwa vinono kama wanafunzi wa bweni waliorudi likizo. Hiyo namba moja yako haina kazi.

Kamati imekaa Jumatano. Nimewasomea matokeo, na Mkurugenzi akasema kwa masikitiko kwamba Mkasi uwekwe kando, tusubiri orodha nyingine. Ile picha yako ukutani wameishusha, ila ni kwa sababu ya kupaka rangi, usilichukulie vibaya. Bawabu amerudi mezani.

Sitakuficha. Pale ukumbini sikucheka, lakini njiani nilitabasamu mpaka muuza magazeti akaniuliza nimepata mchumba. Nimemwambia nimepata zaidi ya mchumba.

Pole na kazi.

Wifi yako wa nyumbani


11 Mei

Wifi,

Habari nilikuwa nimeshazipata kwa Mkurugenzi, siku nne kabla ya barua yako. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula nimeshika trei. Hukuweza hata kunitumia neno moja kwanza? Hata mtu anayefukuzwa nyumba hupewa taarifa.

Nimepitia hesabu zangu zote upya. Sioni kosa. Kimelea kisicho na Mkasi hakiwezi kula damu, na kisichokula hufa. Kwako kinanenepa. Ama mashine yangu ni mjinga, ama kuna mahali kinapata chakula. Nilikuuliza kuhusu uji ukanijibu kwa kejeli. Sitauliza tena. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Basi naubusu.

Lakini Jumapili nilipiga simu ya video. Mume wangu akamweka Tonge mbele ya simu. Mkono mmoja una mkate wa siagi, mwingine una mdoli ambao sijamnunulia mimi, mdomo umejaa. Nikasema, "Mama anakupenda." Akaniangalia kidogo, akageuka, akasema, "Shangazi, mama wa simu anaongea." Mama wa simu! Kisha akaendelea kutafuna. Hakunililia, hakuniuliza narudi lini. Mtoto niliyemwacha akiwa ameng'ang'ania sketi yangu mpaka zipu ikakatika.

Unanichukulia mtoto kwa mkate, wifi. Najua unampenda, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe hilo huwezi kulijua.

Wifi yako wa mashine


30 Mei

Wifi yangu,

Hilo neno la mwisho umelitafuta wapi? Ulikuwa umeliweka akiba miaka yote hii? Ulinishika mkono hospitali siku madaktari waliponiambia sitazaa. Ulinipikia, ukaniosha nywele. Nilidhani ulikuwa unanihurumia, kumbe ulikuwa unapokea silaha.

Basi tuendelee na habari za nyumbani.

Viatu vya Tonge vimembana, nimemnunulia vingine, vyekundu, vyenye kifungo pembeni. Amelala navyo. Kaka yangu amepata kazi ya kutengeneza vyumba vya baridi vya kiwanda cha maziwa, anarudi amechoka, anakula amefumba macho. Maabara hakuna la maana. Unga wa uji umekwama njiani, nikawanywesha wote uji mwepesi wiki nzima, wa kuokoa roho tu. Mvua imeingia jikoni, bati limetoboka. Mwalimu wa chekechea anasema Tonge ana sauti kubwa na asipoangaliwa atakuwa mwanasiasa.

Na juzi getini, wakati namchukua, mwalimu akamwambia, "Mama yako amefika." Tonge hakumsahihisha. Alinishika mkono tukaondoka. Na mimi sikumsahihisha.

Haya, nijibu na hilo.

Wifi yako wa nyumbani


28 Juni

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma mstari mmoja tu, ule wa getini. Mengine sijui uliandika nini, macho yalikuwa yanarudi palepale. Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikaandika barua tatu za kukutukana nikazichana. Hii ni ya nne, na haina matusi.

Kwanza, nisamehe lile neno. Halikuwa akiba. Lilinitoka kwa sababu lilikuwa kali, na nilitaka uumie kama nilivyoumia mimi.

Pili, kuhusu Bawabu. Kuna jambo nililijua tangu mwanzo nikalinyamazia. Mashine yangu inajua barabara za chakula tu. Mlango haiuoni. Bawabu hali wala hapiki, anafungua na kufunga, kwa hiyo kwenye ramani yangu asingeweza kupanda hata angekuwa ndiye roho yenyewe ya kimelea. Ilinipasa kuwaambia siku ile walipopiga makofi. Nilinyamaza kwa sababu tangu nikufahamu, maabara na nyumbani, jina langu limekuwa chini ya lako, na siku hiyo lilikuwa juu. Nimeshamwandikia Mkurugenzi nikamweleza yote. Ile namba mia mbili na kitu haikuwa haki, aifute.

Tatu, nimetia saini kubaki huku miaka miwili. Mkasi umekufa, nitaanza orodha nyingine. Makaratasi ya mwisho wanayapeleka mwisho wa Agosti, baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Tonge mwache akuite anavyotaka. Asiyehisi njaa huwezi kumlazimisha kula, na mtoto hana njaa yangu. Nimeacha kupiga simu Jumapili. Nilikuwa namkatiza kula bure.

Bati la jikoni, mwambie mume wangu asipande mwenyewe, ana kizunguzungu. Umeona? Barua nimeisoma yote. Niliisoma, ila sikuisikia.

Wifi yako


14 Julai

Wifi yangu,

Usiwapelekee hayo makaratasi. Kama umeshawapa, nenda kawanyang'anye.

Ungeisikia ile barua badala ya kuisoma, ungekuwa umeshapanda ndege. Nilikuandikia katikati ya viatu na bati, kwa makusudi, nikijua ukifika getini utasahau kila kitu. Unga ulikwama, nikawapa wote uji mwepesi. Sikusema nilichokiona baada ya hapo. Vimelea vya kawaida vilikonda lakini viliishi, vilikula damu kama kawaida yao. Vile visivyo na Mkasi, wifi, siku ya nne niliweka kioo chini ya hadubini nikakuta vitone vyeusi vilivyosinyaa, havikui wala havigawanyiki. Vimekufa na njaa mbele ya nyama nzima, kama ulivyosema.

Uji wangu ndio uliokuwa unaviokoa. Ni mzito mno. Nimeujaza kila kitu ambacho kimelea kingetakiwa kukitoa kwenye damu kwa mkasi wake, nikakitia mdomoni kikiwa kimeshakatwa. Ningekuzimia jeni hiyo miaka kumi kisingekufa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale na kijiko. Kitu ninachoringia ndicho kilichoniumbua. Mgonjwa halisi hana uji wa aina hiyo kwenye mishipa yake.

Nililijua hilo wiki nzima kabla ya kukuandikia ile barua. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikifika nyumbani Tonge ananirukia, nasema, kesho nitasema. Kesho yake nasema, Bawabu naye ana haki yake. Kisha ikaja barua yako, na sehemu ile ya kwamba umemwandikia Mkurugenzi kuhusu Bawabu. Umenitetea ukiwa umeshindwa. Nilikaa na karatasi hiyo kwenye benchi la nje ya maabara mpaka mlinzi akauliza kama nimefiwa.

Jumatatu niliomba kamati ikutane. Nimeurudia mtihani wote kwa uji mwepesi, majibu ni yale yale. Nimesimama ubaoni nikaandika uji wangu, kila kitu na kiasi chake, kwa herufi kubwa, na nikawaambia hapa ndipo mwenzetu alipodhulumiwa. Mmoja wa wale wenye tai alikuwepo. Alinakili haraka haraka mpaka kalamu ikamdondoka. Wote walikuwa wanaandika, na mimi niliona kama nimevuliwa nguo.

Mkasi umerudi namba moja. Mkurugenzi anasema Bawabu atajaribiwa sambamba nao kwa njia yake mwenyewe, kwa sababu ya barua yako. Na wewe unaitwa nyumbani uongoze kitengo. Nitakuwa chini yako. Usidhani wivu umepungua. Ulipo ni pale pale, ila nimechoka kuulisha.

Sasa Tonge.

Kila Jumapili, kabla hujapiga, nilikuwa namshibisha kwanza. Mkate, siagi, maziwa, kisha mdoli au kitabu kipya mkononi, ndipo nampa kaka yangu ampeleke kwenye simu. Nilijiambia namsaidia asilie. Lakini nilijua nafanya nini. Wewe ulikuwa unamwona ametulia ukadhani amekusahau, na mimi nikakuacha udhani hivyo.

Jumapili iliyopita hukupiga. Sikumpa kitu, nilitaka tu kuona. Alikwenda akakaa chini mbele ya simu, viatu vyekundu miguuni. Akaniuliza mbona mama hajapiga. Nikamwambia atapiga. Akangoja. Nilimletea mkate mwenyewe, akausukuma.

Jumapili ukishaipata barua hii, piga asubuhi, mapema, kabla hajala. Sitamtia chochote mkononi. Atalia, wifi, utamsikia, atalia mpaka ashindwe kuongea. Usimuulize nani kampiga.

Shangazi yake Tonge